Paka wa Kiroba

Nyundo ndiyo niliyoisikia kwanza. Asubuhi za masika ukungu wa Uluguru hushuka hadi miguuni mwa mlima, ukafunika migomba na nyumba na njia yenyewe, na mtu anayetoka juu kwa mama yake hutembea kwa kukumbuka tu. Mlio ule uliupenya ukungu. Ulipiga mara tatu upesi, ukanyamaza, ukapiga mara moja polepole, kama mtu anayeuliza swali kisha akajijibu mwenyewe. Nikajua nimekaribia Bigwa. Nikajua vilevile kwamba yeye ameshanitambua kwa ndala zangu zinavyoteleza kwenye kokoto, na kwamba tusi langu limeshaiva.

"Huyo anakuja!" sauti ikatoka ndani ya weupe ule. "Nasikia hatua moja ya mtu mzima, moja ya mtoto. Mguu mrefu, mguu mfupi. Si mwingine, ni Mluguru."

"Nyamaza, mpagazi," nikajibu. "Kichwa kimekubonyea kwa mizigo mpaka mvua ikinyesha kuku wanakunywa humo."

"Na ninyi mnaolima ukutani je? Mnapanda mahindi kwa manati!"

Ndipo nilipomwona. Mwanaume mfupi wa makamo, ameketi juu ya debe lililogeuzwa, keni ya kumwagilia mboga kaibana katikati ya magoti, mabega yanacheka kabla ya mdomo. Alikuwa fundi bati. Upande wetu wa mlima, kila aliyelima kabichi, karoti au stroberi alimwagilia kwa keni yake. Alikata madebe ya mafuta ya kupikia, akayakunja, akayaziba kwa lehemu, kisha kichwa cha keni akakitoboa kwa msumari, tundu moja moja, akihesabu kimoyomoyo, ili maji yatoke kama manyunyu na si kama mkojo wa punda. Maneno hayo ni yake.

Alikuwa amemuoa dada yangu. Hatukuzaliwa tumbo moja, ila ni wa ukoo mmoja, na kwetu ukoo hufuata mama, kwa hiyo ni dada yangu kabisa. Nyumba yao ilisimama kwenye kipande cha ardhi cha mama yake. Kwa umri, fundi alistahili shikamoo yangu kila asubuhi. Hakuwahi kuipata, wala hakuitaka. Alikuwa mtani.

Wanyamwezi na sisi ni watani tangu babu zao walipopita chini ya milima hii na mizigo vichwani kwenda pwani. Wazee husimulia kwamba siku fundi alipofika Bigwa mara ya kwanza, na mfuko wa nyundo na mkasi wa bati begani, aliulizwa kabila lake kwenye kibaraza cha dukani. Akasema Mnyamwezi. Mzee mmoja akamrushia tusi la kichwa kilichobonyea. Mgeni akalipokea hewani, akarudisha la mguu mfupi, akaongeza la mama mkwe wa mzee yule. Kibaraza kikaangua kicheko, akaletewa chai. Hakuna aliyemwomba kitambulisho. Ungemwombaje mtani wako kitambulisho? Alishakionyesha kwa mdomo.

Nayasema haya mapema ili msomaji ajue nilichokivunja kilikuwa nini.

*

Niliujua ukweli wake siku ya mvua. Nilikuwa nashuka mjini na mkungu wa ndizi wa mama, mvua ikanikamata mbele ya karakana, nikaingia chini ya bati. Tulikaa tukitazama maji yanavyopita na majani ya kahawa. Simu yake ilikuwa haina chaji, akaazima yangu ampigie mteja. Nikamtania kwamba mtu mzima mwenye mke bado anatumia laini iliyosajiliwa kwa kidole cha mkewe. Kila mtu mtaani alilijua hilo, na kila mtu alilicheka. Siku hiyo yeye hakucheka.

"Shemeji, hivi kweli wewe unaandika vitabu?"

"Kimoja kimetoka. Cha pili kinanitesa."

"Basi nikupe cha tatu. Ila hiki usikiandike."

Mwandishi husikia nusu tu ya sentensi kama ile.

Akaniambia kwamba Unyamwezini alipita tu. Alilima tumbaku ya watu kule kwa miaka minne, na kwenye mashamba yale ndipo alipojifunza matusi. Kwao ni Burundi. Alivuka akiwa kijana, bila karatasi, na karatasi hazikumfuata. Miaka miwili baada ya kumuoa dada, alikwenda mnadani Gairo kuuza keni, msako ukapita, akashindwa kujieleza. Mtaani tulijua alikuwa ameenda kumzika baba yake. Kumbe alikuwa mahabusu, akichukuliwa alama za vidole vyote kumi, kisha akiwa kwenye gari, siku nyingi, mpaka mpakani.

"Walinipa karatasi ya kufukuzwa na wakanisomea," alisema. "Hawakunipiga, nisiseme uongo. Afisa alikuwa mtu wa taratibu tu. Akasema, baba, mara hii kosa lako ni kuingia. Ukionekana tena kosa ni kurudi, na hilo ni kubwa kuliko hili. Hilo lina jela."

"Na ukarudi."

"Nilikaa siku tisa. Siku ya kumi nikakumbuka nimemwachia mama mkwe keni haina mdomo."

Tukacheka wote wawili. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba tulilazimika kucheka kwa sauti. Halafu akaichukua nyundo, akaigeuzageuza, akasema kwa sauti ya chini ambayo mvua ilikaribia kuimeza:

"Unajua kwa nini nilirudi kweli? Hapa watu wananitukana. Kule kwetu hapakuwa na mtu anayenijua kiasi cha kunitukana."

Nikamwahidi. Nilisema, "Hili limekufa hapa hapa," nikagonga meza ya kufulia bati mara mbili kwa kiganja, kama tulivyozoea kufunga maneno. Aliniamini. Akanipa na keni ndogo ya kumwagilia maua, ya zawadi, ingawa alijua ninakopanga hakuna hata kopo la maua.

Nilipofika chumbani kwangu nikaandika.

Sikuandika jina, wala mahali. Nilijiambia hiyo ndiyo heshima. Niliandika sentensi moja tu. Bibi yangu alikuwa na paka mwizi wa dagaa, na mwaka nilipokuwa darasa la tatu wajomba walimtia ndani ya kiroba, wakamvusha Mto Ngerengere, wakamtupa ng'ambo. Siku ya nne tukamkuta mlangoni, sikio limechanika, anajilamba. Wajomba wakatafuta kiroba kingine. Bibi akawazuia. "Aliyerudi mwenyewe harudishwi," alisema, akampa kichwa cha samaki. Basi nikaandika: *Walimtupa ng'ambo ya mpaka kama paka wa kiroba, nao hawajafika nyumbani, yeye kashafika, yuko mlangoni anajilamba.*

Niliipenda sentensi ile. Sina budi kulisema hilo waziwazi, kwa sababu ndilo chanzo. Niliisoma kwa sauti peke yangu. Niliibadilisha mara saba. Jumamosi nilipokwenda Mazimbu kwenye kikundi chetu cha waandishi, nilikuwa nayo mfukoni na nilitamani kuisoma, nikajizuia, nikajisifu kwa kujizuia. Mtu anayejisifu kwa kutotenda ubaya yuko karibu sana kuutenda.

*

Mwezi uliofuata mjomba wangu mkubwa alifariki. Kwetu mjomba ndiye nguzo, na msiba ulijaa watu kutoka milima yote miwili ya bonde letu. Fundi alikuja na wenzake wawili wanaojiita Wanyamwezi, kutimiza kazi ya watani. Jeneza lilipotoka uani, yeye akajilaza chini katikati ya njia, chali, mikono kifuani.

"Hapiti mtu!" akapiga kelele. "Huyu mzee aliniahidi jogoo, amekufa makusudi ili asinipe! Leteni jogoo au mumrudishe ndani akalale!"

Wanawake waliokuwa wakilia wakajikuta wanacheka, wakajifuta machozi kwa ncha za kanga wakaendelea kulia. Hiyo ndiyo faida ya mtani. Alipewa jogoo, jeneza likapita, akalifuata akiwa amemkumbatia jogoo wake, naye sasa analia kuliko sisi wote. Mjomba ndiye aliyekuwa amemwozesha dada.

Tuliporudi kutoka makaburini, tukaketi kwenye mikeka kula. Fundi alivaa kofia ya marehemu. Akatembea uani kwa mwendo wa marehemu, nyonga ya kulia imepanda, akimkaripia mama yangu kwa sauti ya marehemu hasa: "We mwanamke, chai hii umeipika kwa maji ya kunawia?" Mama alicheka mpaka akashikwa kifua. Nilimwona mjomba wangu akiwa hai kwa muda wa kuhesabu hadi kumi hivi. Kisha fundi akanigeukia.

"Na huyu," akasema, akinionyesha kidole kwa sauti ileile ya mjomba, "nimemsomesha nikidhani atakuwa hakimu, kumbe anakaa chumbani anaandika uongo! Nikimuuliza, mwanangu unafanya kazi gani? Ananiambia, mjomba, nafikiri! Nafikiri! Hata mbuzi anafikiri, na anatoa maziwa!"

Uwanja mzima ulilipuka. Nami nilicheka, lakini kitu kilinichoma, kwa sababu mjomba aliwahi kuniambia karibu maneno yayo hayo, na hakuwa anatania. Nilitaka kujibu. Watu walinisubiri nijibu, ndiyo ada. Nikasimama na sahani mkononi, nikatafuta tusi la kichwa kilichobonyea, nikaliona limechakaa. Na sentensi yangu ilikuwa pale, safi, haijawahi kusikiwa na mtu.

"Msimsikilize huyu!" nikasema. "Huyu serikali ilishamtupa ng'ambo ya mpaka kama paka wa kiroba, nao hawajafika nyumbani, yeye kashafika, yuko mlangoni anajilamba!"

Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko alichopata yeye. Nakumbuka nilikipima. Nakumbuka hata joto lake usoni. Mzee mmoja alirudia, "Anajilamba!" akapiga paja. Kwa wengi yalikuwa maneno ya utani tu, ya kumzulia mtu safari asiyokwenda.

Fundi alicheka. Mtani hana ruhusa ya kukasirika. Alijilamba mkono kama paka, watu wakazidi. Ila macho yake yaliniangalia mara moja tu, na hayakuwa na hasira, yalikuwa yanauliza kama nimesema nilichosema. Dada yangu, aliyekuwa akigawa wali, alisimama na upawa hewani.

Palikuwa na mgeni mmoja, rafiki wa binamu yangu wa mjini, mtu mpole mwenye shati la rangi ya maziwa, aliyetoka mkoa ambao hauna utani na sisi. Alimaliza kucheka, akafuta midomo, akaniuliza kwa adabu kabisa:

"Walimvusha mpaka upi?"

Kama ningejibu "mpaka wa chooni na jikoni" ingepita. Tusi lolote lingetosha. Lakini nilikuwa bado nimelewa kicheko, na sauti yake haikuwa ya mtani, na mtu akikuuliza bila utani ulimi hujibu bila utani.

"Wa Burundi," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye wali wake.

Wakati wa kushuka, fundi alinipita njiani na jogoo kwapani. "Umeniweza leo, shemeji," alisema. Nilidhani ni sifa. Nimeona haya kwa mambo mengi katika habari hii, lakini hili ndilo linaloniamsha usiku: kwa siku mbili nzima nilitembea Morogoro nikiwa na furaha.

*

Siku ya tatu nilishuka tena kutoka kwa mama. Palikuwa na ukungu kama kawaida. Nilifika kwenye kokoto, nikaburuza ndala makusudi. Nikasikia mfereji. Nikasikia jogoo, nadhani ndiye yule. Nyundo haikuwapo. Nikaendelea kwenda nikidhani nimekosea umbali, mpaka nikajikwaa kwenye debe lake tupu.

Walikuwa wamemchukua alfajiri. Jirani aliniambia kwamba walikuja watu wawili na mwenyekiti wa mtaa, wakamsalimu, wakamuuliza kwao wapi. Akasema Mnyamwezi. Wakamuuliza mara ya pili. Akamtazama mkewe, akaufunga mkasi wa bati ndani ya gunia lake, akawafuata.

Kesho yake niliitwa mimi, ofisi ya uhamiaji. Mtu wa shati la maziwa alikuwa amekaa nyuma ya meza, sasa ana sare. Aliniagizia soda.

"Usiogope," alisema. "Vidole vyake vimeshasema. Nataka tu maelezo ya kukamilisha jalada. Wewe ulijuaje?"

"Ulikuwa utani," nikasema. "Yule ni mtani wangu. Pale msibani watu huzusha chochote."

"Mimi nami nilicheka. Nilicheka sana." Alisema kweli, niliona. "Lakini ulitaja mpaka. Utani hautaji mpaka."

Nikanywa soda aliyoniagizia.

"Kumhifadhi mtu wa namna ile huku ukijua, nako kuna sheria yake. Sikutishi. Nakueleza tu." Akanisogezea karatasi na kalamu. "Umesoma, na nasikia ni mwandishi. Andika mwenyewe."

Ningeweza kusema nilizusha. Ningeweza kusema Burundi ilinitoka mdomoni kama ambavyo ingenitoka Msumbiji. Vidole vyake vilikuwa vimeshasema, kweli, na uongo wangu usingemfungua. Lakini kulikuwa na tofauti kati ya yeye kukamatwa na sheria na yeye kusalitiwa na mimi, na tofauti hiyo ilikuwa kwenye karatasi ile tupu. Niliogopa. Nikaandika siku ya mvua, karakana, tumbaku, Gairo, karatasi ya mpakani. Nikaandika siku tisa. Kwenye mstari wa sita nilikuta nimeandika "alirudi" mara mbili, haikupendeza masikioni, nikakata ya pili nikaweka "akarejea."

Afisa aliona. "Umekosea?" akauliza.

"Hapana," nikasema. "Nimerekebisha."

Nikatia sahihi.

*

Mahakamani nilikaa benchi la nyuma kabisa. Dada alikaa la mbele, peke yake, na mfuko wa plastiki wenye shati safi ambalo hawakumruhusu kumpa. Fundi aliletwa na wengine watano. Bila kofia ya mjomba na bila debe la kukalia alionekana mfupi zaidi. Shitaka lilisomwa: kwamba akiwa mtu aliyekwisha kufukuzwa nchini na kupigwa marufuku kurejea, aliingia tena bila ruhusa. Likasomwa neno "kuingia." Mimi nilikuwa nawaza neno "kurudi." Kiswahili chetu kimeyaweka mambo mawili katika neno moja: mtu hurudi nyumbani, na mzazi humrudi mtoto kwa fimbo. Sikuwahi kuyaona yamekaa pamoja namna ile, kwenye chumba kimoja, kwa mtu mmoja.

"Ni kweli au si kweli?" hakimu aliuliza.

"Ni kweli, mheshimiwa."

Basi. Hapakuwa na shahidi aliyeitwa. Karatasi yangu haikusomwa hata mstari mmoja. Nilikuwa nimeiandika bure, na hilo halikunipunguzia kitu, liliniongezea, kwa sababu lilimaanisha nimemsaliti pasipo hata mtu kunihitaji.

Hakimu alimuuliza kama ana la kusema kabla ya adhabu. Fundi alifikiri kidogo.

"Nina mke hapa, mheshimiwa. Na kuna keni tatu za watu, nimezipokea, bado hazijatobolewa. Msimu wa kabichi unaanza."

Watu wachache walicheka. Yeye hakuwa anachekesha. Hakimu aliandika kwa muda mrefu, kisha akaeleza, bila ukali, kwamba mtu wa kosa la kwanza huenda hakujua, lakini huyu alisomewa na akaelewa na bado akaja, na sheria humwona kuwa ndiye mkosaji zaidi. Faini, au kifungo badala yake. Na akimaliza, aondoshwe tena nchini. Faini ilikuwa kubwa kuliko karakana yote pamoja na bati lililokuwa juu ya paa. Nilimkumbuka bibi na kile kichwa cha samaki. Nilitamani kumchukia hakimu, nikakosa pa kuanzia. Yeye alitumia kitabu chake. Mimi nilitumia changu.

Wakati wa kumtoa walipita karibu na benchi langu. Hakuniangalia, au aliniangalia kama unavyomwangalia mtu yeyote aliyekaa karibu na mlango.

*

Ilinichukua majuma mawili kwenda kwa dada. Nilikwenda mchana, baada ya adhuhuri, saa ambayo nyumba ile ilikuwa daima na watu. Miaka yote niliingia kwa mlango wa uani, bila hodi, nikifunua chungu. Siku hiyo nilikuta mlango wa uani umefungwa kwa ndani. Nikazunguka mbele, nikapiga hodi kama mtu wa sensa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu."

Akaniwekea kiti. Nyumba ile nilizoea kukaa mkekani. Akafuta kiti kwa kanga, akaniletea chai kwenye kikombe chenye sahani yake, kile cha kabatini. Nikakaa na kikombe cha wageni mkononi, nikiona kwenye kona zile keni tatu ambazo hazijatobolewa, midomo yake mizima, haiwezi kutoa hata tone.

"Nimekuja kuomba radhi," nikasema.

"Hakuna neno."

"Lipo, dada. Nilisema mimi. Na nikaandika."

"Najua. Alikuona ofisini kwao." Alikuwa anatazama mikono yake. "Siku ile msibani, tulipofika hapa, nilimwambia aondoke. Nilimwambia nenda hata Mzumbe kwa siku chache, yule mtu ameuliza. Akasema, shemeji alikuwa anatania. Akasema, nikikimbia nitakuwa nimemwita muongo mbele ya watu."

Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba alikuwa na siku mbili, alikuwa na njia na miguu ya kwendea, na alizitumia siku zote mbili kuulinda utani wangu.

"Utamfuata akitoka?" nikauliza.

"Hapa ni kwa mama. Yule ni mwanaume wangu. Bado sijajua." Akainuka, akaichukua keni moja, akaiweka palepale ilipokuwa. "Nilikwenda kumwona gerezani Jumapili. Kapungua. Wanamtumia kuziba ndoo."

"Alisema kitu? Kuhusu mimi?"

Nilikuwa nimeshalijua ninalolitaka. Nilikuwa nimelisubiri majuma mawili, nimelitunga kwa niaba yake njia nzima ya kupanda: paka wewe, mguu mfupi, mla ndizi mbichi, mbuzi usiyetoa maziwa. Lolote. Lingetosha hata moja, la zamani, lililochakaa.

"Alisema nikusalimie," dada akajibu. "Salamu nyingi, kwa heshima. Anakuombea kazi zako ziende vizuri."

"Hakunitukana?"

Akaniangalia. Nadhani alinihurumia, naye alikuwa na haki ya kutofanya hata hilo.

"Hapana, ndugu yangu," alisema. "Hakukutukana."

Nikaweka kikombe juu ya sahani yake. Nikasimama, nikasema ninaondoka, nikangoja, kwa mazoea, aniambie, kwa maneno ya mumewe, mguu mfupi ukimbie kabla mlima haujasinzia, kama alivyoniambia kila nilipoaga. Alinisindikiza mpaka kizingitini, akanishukuru kwa kuja, akanitakia safari njema. Nilikuwa nimeshuka ngazi mbili za mawe niliposikia nyuma yangu mlango unarudishwa taratibu, kisha komeo.